Mbio za dragi kwa gari lako la kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru, Kisumu na magharibi ya Kenya

Majibu haya ni ya mtu mwenye Vitz, Fielder, Probox, Demio au Subaru ya kwenda kazini na kupeleka watoto shule, anayetaka kujua gari lake lina nguvu kiasi gani bila kulivunja wala kuhatarisha mtu. Mwenye gari la mashindano hatapata mengi hapa.

Dragi ni mchezo wa namna gani?

Magari mawili yanasimama sambamba, taa zinawaka, yanaondoka, na kila moja linapimwa muda hadi mwisho wa mstari ulionyooka. Hakuna kona. Umbali wa jadi ni robo maili, yaani mita 402, na nusu yake, mita 201, hutumika pia kwingi. Kwa gari la nyumbani mimi nashauri uanze na mita 201. Unafika mwisho ukiwa na kasi ndogo zaidi, breki hazichoki, na unabaki na nafasi kubwa ya kusimama.

Mchezo huu ulitolewa barabarani makusudi. Huko Marekani vijana walikuwa wakishindana kwenye barabara za umma na kuumia. Mwaka 1950 mbio zikaanza kupangwa kwenye kiwanja cha ndege cha Santa Ana, California, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha NHRA, chama cha mbio za dragi cha huko, ili kuwe na kanuni na ukaguzi. Kanuni hizo bado zinaigwa nchi nyingi, na nitazitaja tena hapa chini.

Nakuru au Kisumu kuna uwanja wa dragi?

Uwanja wa kudumu uliojengwa kwa kazi hiyo, hapana. Siku za dragi hufanyika kwenye barabara iliyofungwa kwa kibali au kwenye kiwanja kidogo cha ndege kilichokodiwa. Chombo kinachosimamia michezo ya magari nchini ni Kenya Motor Sports Federation, KMSF, ambacho kinatambuliwa na FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari. Ukisikia kuna siku imepangwa, swali la kwanza kwa mwandalizi liwe hili: je, KMSF wanaijua? La pili: je, mimi ninahitaji leseni ya mashindano, na inapatikanaje?

Kisha nenda ukatazame mahali penyewe kwa macho yako. Kuna ambulansi iliyosimama hapo na wahudumu wake? Kuna kizima moto na mtu anayejua kukitumia? Watazamaji wamewekwa nyuma ya uzio au wamejipanga ukingoni mwa lami? Mbuzi na bodaboda wanazuiwa wapi kuingia? Na baada ya mstari wa mwisho, kumebaki lami kiasi gani? Hilo la mwisho watu hulisahau kabisa. Njia ya ndege yenye mita 1,200 ukikimbia mita 402 inakuachia karibu mita 800 za kupunguza kasi, na hiyo inatosha gari la nyumbani. Barabara inayokwisha kwenye makutano mita 150 baada ya mstari ni mtego. Ikiwa ndivyo ilivyo, geuza gari urudi nyumbani hata kama umeshalipa.

Kaunti ya Nakuru ina bahati. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha imekuwa mwenyeji wake, kwa hiyo watu wanaoelewa kazi ya kufunga barabara na kusimamia umati hawako mbali.

Si tujaribu tu usiku kwenye barabara kuu, magari yakipungua?

Hapana. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali hili huulizwa na vijana wazuri wasio na nia mbaya.

Mtu wa Nakuru anaijua Salgaa. Anaijua Sachangwan. Usiku barabara ile inajaa malori yanayoshuka na mzigo, mengine yameegeshwa bila taa wala alama ya tahadhari, na kuna watu wanaovuka kwenda kula. Kisumu nako, bypass inaonekana tupu saa sita usiku mpaka mtu wa baiskeli isiyo na taa atokee kwenye giza. Ukiwa kilomita 120 kwa saa unasafiri zaidi ya mita 33 kila sekunde. Taa za kawaida zisizo za juu hukuonyesha mita 50 au 60 hivi za lami mbele yako. Piga hesabu mwenyewe: ukishamwona, sekunde mbili hazijaisha umeshamfikia, na mguu wako bado haujagusa breki.

Sheria nayo haina utani. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kuendesha kwa namna ya hatari ni kosa, na ukisababisha kifo kwa kuendesha hivyo unaweza kufungwa hadi miaka 10. Mjini kikomo cha kasi ni kilomita 50 kwa saa. Vitz ikikanyagwa vizuri inapita kasi hiyo kabla hujamaliza mita 100.

Ukitaka kupima gari lako, subiri siku iliyopangwa, hata kama ni moja kwa mwaka na iko kaunti nyingine. Ukikosa kabisa, andikeni nyinyi wenye magari barua kwa klabu na kwa KMSF mwombe siku. Siku hizi hazianguki kutoka mbinguni, kuna watu walioziomba.

Gari langu ni la injini ya lita 1.5 tu. Si nitaaibika mbele ya Subaru zenye tabo (turbo)?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake huwashangaza watu. Kuna mtindo wa mashindano ambao gari dhaifu linaweza kushinda kihalali, bila kuhurumiwa na mtu. Kila dereva anatangaza mapema muda anaotarajia kupata, na unaandikwa kwa chaki kwenye kioo. Gari la polepole linaachiwa kwanza, kwa tofauti ya muda kati ya hao wawili.

Tuseme Probox yako umeiandikia sekunde 19.20 na Subaru ya jirani imeandikiwa 14.60. Taa yako ya kijani itawaka sekunde 4.60 kabla ya yake. Unaondoka, unaenda zako, naye bado amesimama akikutazama mgongo. Kila mmoja akipata muda aliouandika, mtafika mwisho pamoja, na atakayeshinda ni aliyeitikia taa haraka zaidi.

Sasa angalia utamu wake. Ukikimbia haraka kuliko muda uliouandika, umevunja ahadi yako na unapoteza. Kwa hiyo hakuna faida ya kudanganya kwa kuandika muda mrefu. Mwenye Subaru akipata 14.55, amevunja, na Probox inasonga mbele hata kama ilifika nyuma. Wote wawili wakivunja, anashinda aliyevunja kwa kiasi kidogo. Lakini anayeondoka kabla ya kijani na kuwasha taa nyekundu amepoteza hapo hapo, na kosa hilo ni zito kuliko kuvunja muda.

Kinachotafutwa ni gari linalorudia muda ule ule na dereva anayerudia vitendo vile vile. Na hapo Probox isiyofanyiwa marekebisho yoyote ina sifa kuliko gari lililopandishwa tabo na fundi watatu tofauti. Ukifika uwanjani, mwulize mwandalizi kama kundi hili lipo. Kama halipo, mwombe aliweke, maana ndilo linalowaleta watu wa kawaida.

Nitegemee muda gani?

Fielder au Premio ya 1.5 yenye nguvu za farasi 109 kwenye karatasi, ikiwa nzima na ina dereva peke yake, ikipata sekunde 18 au 19 kwa mita 402 hapa Nakuru imefanya kazi yake vizuri. Usishtuke ukisoma kwamba gari hilo hilo kwingine linapata 17. Sababu ni hewa.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 17 kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa ujazo, kwa hiyo inapata oksijeni pungufu na nguvu zinapungua karibu kiasi hicho hicho. Farasi 109 wanabaki kama 90. Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, hali ni ngumu zaidi. Kisumu, karibu na ziwa kwenye mita 1,130 au zaidi kidogo, upungufu ni kama asilimia 10 tu, ila joto la mchana linaongeza hasara kwa sababu hewa ya moto nayo ni nyepesi. Ndiyo maana Kisumu asubuhi na Kisumu saa nane mchana ni kama viwanja viwili. Ukiwa unacheza ule mtindo wa kuandika muda, andika upya kila jua linapopanda.

Gari lenye tabo nalo linaumia, lakini kidogo kuliko lile lisilo na tabo, kwa sababu tabo inaisukuma hewa ndani kwa nguvu na kufidia sehemu kubwa ya kilichokosekana. Mwenye Subaru akikwambia Nakuru ndiyo nyumbani kwake, hesabu iko upande wake.

Wakaguzi wataangalia nini kwenye gari langu?

Mambo ambayo fundi wako anaweza kuyamaliza kwa nusu siku. Betri iwe imefungwa isitikisike. Nati zote za magurudumu ziwepo na ziwe zimekazwa. Kusiwe na oili, petroli wala maji yanayovuja, maana tone moja la oili kwenye lami linaweza kumtelezesha anayekufuata. Pedali ya mafuta irudi yenyewe ukiiachilia. Mkanda wa kiti ufunge na usiachie. Breki zishike sawasawa bila kuvuta upande mmoja. Tairi ziwe na meno na zisiwe na nyufa ubavuni, na hapo angalia hasa tairi za mitumba: zinaweza kuonekana nene huku mpira umeshakauka.

Kisha toa kila kitu ndani ya gari. Chupa ya maji iliyo chini ya kiti ikiviringika hadi chini ya pedali ya breki, huna breki. Toa mikeka ya miguu ya upande wa dereva. Jeki na tairi ya akiba mwachie mwenzako, gari litapungua uzito, na petroli robo tangi inatosha.

Naweza kutumia helmeti ya bodaboda?

Zile za bei rahisi zinazouzwa kando ya barabara, hapana. Kanuni za NHRA zinataka helmeti yenye alama ya Snell, shirika linalopima helmeti, kwa gari linalokimbia robo maili kwa sekunde 13.99 au chini ya hapo. Gari lako la 1.5 haliko karibu na hapo, lakini mwandalizi makini hapa atataka kila dereva aivae, na ana haki. Alama ya SA ni ya magari na kitambaa chake cha ndani hakishiki moto upesi. Alama ya M ni ya pikipiki. Uliza inayokubaliwa kabla ya kununua, au azima kwa mtu wa rali.

Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunga. Usije na ndala.

Zile taa zinasomwaje?

Juu kabisa kuna taa mbili ndogo. Ya kwanza inakwambia umekaribia mstari, ya pili inakwambia tairi za mbele zimekata mwale wa mwanga kwenye mstari na umesimama mahali pake. Sogea polepole sana, kwa kuachia breki tu, mpaka ya pili iwake, kisha simama hapo hapo. Halafu taa tatu za njano zinashuka moja baada ya nyingine kwa nusu sekunde, kisha kijani.

Usisubiri kijani. Ubongo wako unachukua muda kuona na mguu unachukua muda kutii, na gari lenyewe linachukua muda kujivuta. Ondoka unapoiona njano ya mwisho. Ukipata nyekundu, umewahi mno, na jaribio lijalo subiri kidogo.

Jambo moja linalowachanganya wengi: muda wa gari unaanza kuhesabiwa tairi inapotoka kwenye mwale, haujali kijani kiliwaka lini. Ukisinzia sekunde mbili baada ya kijani, muda wa gari lako hautabadilika. Ila mpinzani ameshaenda. Kwa siku yako ya kwanza sahau taa, ondoka ukiwa tayari, upate muda safi wa kuanzia.

Mahali pasipo na mitambo ya taa, mtu hushusha bendera na madereva hujipima kwa kifaa cha GPS kama Dragy. Programu ya simu peke yake inakupa makisio tu.

Gari langu ni otomatiki. Niondokeje?

Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia gusa mafuta kidogo mpaka injini ifike mizunguko 1,500 hivi, kisha achia breki na ukanyage hadi chini. Usishikilie hapo muda mrefu, oili ya giaboksi inachemka haraka. Na usifanye kabisa ule mchezo wa kupandisha mizunguko gari likiwa N kisha kulitupa D. Giaboksi haisamehe hilo, na bei ya nyingine unaijua.

Fielder nyingi za kuanzia mwaka 2006 zina CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia. Kwa hiyo hakuna cha kubadilisha: kanyaga kwa utulivu, likimbie. Uzuri wake ni kwamba linarudia muda ule ule kila mara. Udhaifu wake ni joto, kwa hiyo lipumzishe nusu saa kati ya mbio na mbio, na hakikisha oili ya CVT ni ile iliyoandikwa na mtengenezaji, haijachanganywa na ya otomatiki ya kawaida.

Na manuali?

Mizunguko 2,500 hadi 3,000, achia klachi kwa haraka lakini usiitupe. Tairi zikilia kidogo ni sawa. Zikiendelea kuzunguka mahali pamoja unapoteza muda, kwa hiyo punguza mafuta kidogo zishike. Ukisikia harufu ya klachi, hiyo ndiyo mbio ya mwisho ya siku.

Wenye Subaru za manuali, nyinyi ndio mko hatarini zaidi. Tairi zote nne zinashika, hazitelezi, kwa hiyo pigo lote la kuondoka linaishia kwenye klachi na giaboksi. Ondokeni kwa upole kuliko mnavyotaka.

Upepo wa tairi?

Punguza psi 2 au 3 kwenye tairi zinazovuta, zisizovuta ziache. Zaidi ya hapo kwa tairi za kawaida unaharibu usalama bila faida.

Kuna dimbwi la maji kabla ya mstari. Nilipite?

Kwingine huwa kuna sehemu iliyomwagiwa maji ili wenye tairi laini za mashindano wazichome na kuzipasha moto. Wewe mwenye tairi za barabarani lizunguke. Meno ya tairi zako yatabeba maji hadi kwenye mstari, yatadondoka hapo, na wewe pamoja na wote wanaofuata mtateleza.

Zima AC pia kabla ya kujipanga kwenye foleni. Inakula nguvu, na maji yanayodondoka chini ya gari yanalowesha mstari. Ukiona msimamizi anachungulia chini ya gari lako kisha anakuashiria kwa kidole kwenye dashibodi, ni hilo analokwambia.

Bima italipa nikigonga?

Soma karatasi za bima yako kwenye sehemu ya mambo yasiyolipwa. Bima za magari binafsi kwa kawaida huondoa wazi matumizi ya mashindano na kupimana kasi, hata ikiwa ni bima kamili. Chukulia kwamba siku hiyo gari liko mikononi mwako mwenyewe. Mwulize mwandalizi kama ana bima inayowafunika watazamaji na wasimamizi, na kama gari bado lina mkopo wa benki au sacco, fikiria mara mbili.

Mwenzangu nyumbani hataki. Nimwambieje?

Mwambie ukweli wote, pamoja na hayo ya bima, na mwalike aje. Gari la nyumbani ni la nyumba nzima. Wengi wanaokataa wanafikiria yale ya barabarani usiku, na wakiona ambulansi, ukaguzi na gari moja moja likiitwa kwa utaratibu, wanatulia. Wengine huomba zamu yao. Kama bado anakataa kwa sababu gari hilo ndilo linalowaletea riziki, ana hoja, na usitumie gari hilo.

Nikivuka mstari wa mwisho nifanye nini?

Ondoa mguu kwenye mafuta, kisha breki kwa mfululizo na kwa upole, ukibaki kwenye njia yako. Usikate mbele ya mwenzako hata kama unadhani umemwacha mbali. Aliye upande wa njia ya kutokea anatoka kwanza. Ukipitiliza njia ya kutokea, endelea hadi mwisho usubiri msimamizi. Kugeuza gari na kurudi ukikabili njia ya mbio ni kosa la kufukuzwa uwanjani, na inavyostahili.

Gari likizima katikati, washa taa za tahadhari, kaa ndani na mkanda umefungwa mpaka wakufikie. Ukiona moshi au moto, toka upande ulio mbali na njia ya mbio.

Kabla ya kurudi nyumbani?

Acha injini iungurume taratibu dakika chache huku boneti iko wazi, usiizime ikiwa moto, hasa yenye tabo. Usivute handbreki breki zikiwa bado zinachoma. Weka P au gia na uzuie tairi kwa jiwe. Usifungue kifuniko cha radieta mpaka uweze kuishika kwa mkono. Gari likipoa, pima oili, rudisha psi ulizopunguza, kaza nati za magurudumu tena na urudishe jeki na tairi ya akiba mahali pake.

Andika kwenye karatasi muda wako pamoja na saa uliyokimbia, joto la siku na kiasi cha petroli. Kwa siku ijayo karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha muda wa kuandika kwenye kioo. Na ukiwa unarudi kupitia Salgaa au kuteremka Kericho kwenda Ahero, jihadhari na hisia zako mwenyewe: baada ya mchana mzima wa kukanyaga hadi chini, kilomita 100 kwa saa inaonekana ndogo, kwa hiyo angalia mshale wa kasi mara nyingi kuliko kawaida.